Nilivyolia kwa Niaba ya Bwana Ghali

Juzi vijana watatu wa sekondari walikuja hapa kwangu Same. Wakaniamkia vizuri, shikamoo babu, nikaitika marahaba, wakakaa. Mmoja akatoa simu yake akaniuliza, "Babu, eti ulikuwa mkalimani wa Wazungu? Tumesikia ulikuwa na daftari la misemo ya Kiingereza. Tulipige picha basi, tuna mtihani." Nikawaambia daftari sina. Wakaniuliza limeliwa na mchwa? Nikasema hapana, nililitoa sadaka. Wakaanza kucheka hata kabla sijaeleza, na hiyo ndiyo tabia yenu watoto wa siku hizi, mnacheka hadithi ikiwa bado mlangoni. Basi nimeamua kuandika. Nina miaka tisini kasoro michache, mkono bado unashika kalamu, na sitaki mtu mwingine aje aisimulie vibaya.

Nianze na kazi yenyewe. Nilikuwa mkalimani wa afisa mmoja wa Kiingereza aliyeshughulika na barabara na maji huku Upareni, zamani za Mwingereza. Jina lake la kweli naliacha lipumzike. Watu walimwita Bwana Ghali, kwa sababu kila ulichomwomba, iwe daraja, iwe koleo, iwe msumari mmoja, alishika kichwa na kuanza kusema habari za gharama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushika kichwa tu.

Kiingereza cha njoo, nenda, leta chai, hicho nilitoka nacho shule ya misheni. Tatizo lilikuwa siku Mwingereza akitaka kusema kitu ni ghali. Hapo hasemi ghali, ng'o! Atataja pua, mkono, mguu, mkanda, na wanyama wa kila namna. Bei yenyewe haitaji.

Aliyenipokea ofisini ni Mzee Zefania, mkalimani mkongwe aliyekuwa anakaribia kustaafu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na koti moja la kaki ambalo lilikuwa limeshika umbo lake hata likiwa limetundikwa msumarini. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kijana, Mzungu akisema amelipa kwa kupitia puani, amefanya nini?"

Nikajibu, "Amepiga chafya, mzee."

"Kaa chini," akasema. "Kazi ipo."

Ndipo akanitolea daftari. Alikuwa ameligawa mwenyewe: kurasa za sehemu za mwili, kurasa za mavazi, kurasa za wanyama. Kulipa kwa kupitia puani ni kulanguliwa. Kitu kikigharimu mkono na mguu, bei yake haisemeki mbele za watu. Kuendesha kazi kwa uzi wa kiatu ni kuifanya kwa fedha kiduchu. Mbwa mwitu akiwa mlangoni ni njaa. Panya wa kanisani ni fukara wa kutupwa. Na tembo mweupe ni kitu kinachokula mali na hakina faida yoyote, kipo tu kinalishwa. Hilo la tembo Mzee Zefania alikuwa amelipigia mstari mara mbili. Alisema hajawahi kupata nafasi ya kulitumia na anaogopa atastaafu bila kulitumia.

Nikamuuliza, "Kwa nini wasiseme tu sina?"

Akafunga daftari. "Miaka yote hii nimesimama ubavuni mwa Wazungu. Nimewasikia wakisema gharama kwa namna mia. Sina, sijaisikia hata siku moja. Neno hilo wanaliogopa, sijui kwa nini."

Basi nikakariri. Nikayapenda maneno yale kupita kiasi, na hapo ndipo ujinga ulipoanza. Siku moja niliingia duka moja la viatu, mwenye duka akijua Kiingereza cha kuuzia. Nikajitutumua nikamwambia kwa Kiingereza kwamba kwa viatu vile nitalipa kupitia puani. Akaingia ndani, akarudi na makopo mawili ya ugoro, akayaweka juu ya meza. "Mkali na wa kawaida," akasema. Nikaona aibu kumrudisha, nikanunua ule wa kawaida. Mama yangu aliutumia mpaka Pasaka, na kila akipiga chafya alikuwa ananishukuru.

Siku nyingine Bwana Ghali alimwambia mchungaji mmoja kwamba idara yake ni fukara kama panya wa kanisani. Nami nikampelekea mchungaji maneno yote pamoja na panya wake. Mchungaji akakunja uso. Halafu akasema, "Mwambie kanisani kwangu hakuna panya." Jumapili iliyofuata, ili kuondoa fitina, aliwaomba waumini waje na paka. Walikuja paka kumi na mmoja, na nyimbo za siku hiyo sitaki kuzikumbuka.

Mzee Zefania aliposikia alikasirika kweli. "Wewe unabeba maneno unaacha mzigo! Mzungu anapotaja panya hasemi habari za panya, analalamika. Sasa jiulize, Mpare akilalamika anafanyaje? Fanya hivyohivyo. Ukisimama na uso mkavu umemdhulumu aliyesema." Akanipeleka nyuma ya ofisi, akanifundisha kulalamika. Mkono kichwani. Sauti ianze chini ipande. Ukifika kwenye gharama, pumua. Ukifika kwenye watoto, nyamaza kidogo. Nililalamika nyuma ya ofisi ile wiki nzima, mpaka siku moja tarishi akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Na mengine alinifundisha, nanyi mnaotaka kazi hii yashikeni. Simama nusu hatua nyuma ya msemaji, upande wa sikio lako zuri. Usimtazame mdomo, tazama mikono, maana mkono hutangulia kusema. Na usinywe uji mwingi asubuhi ya baraza. Hili la mwisho nililipuuza mara moja, na mara moja ilitosha.

Sasa niwaeleze habari ya ndiva, maana najua wengine mmezaliwa mjini. Ndiva ni bwawa dogo la kijiji huko milimani. Usiku mnaliziba, maji ya kijito yanajaa. Asubuhi mwenye zamu anafungua, maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani. Ndiva yetu kule kwetu, juu ya Same, ilipasuka mwaka ule. Wazee waliizibazibia kwa udongo na mawe, lakini kila asubuhi ilikuwa tupu, maji yamekwisha kupita kwenye ufa. Vuli ilikuwa inakaribia. Na mvua za kwetu mnazijua, zinakuja kusalimia na kuondoka. Bila ndiva, mahindi yanachipua, yanatazama juu, yanakufa. Mama yangu alikuwa mjane mwenye kishamba kimoja, na kishamba hicho kilikuwa chini kabisa ya mfereji, cha mwisho kupata maji na cha kwanza kukauka. Mwaka wa nyuma alivuna debe moja. Mwaka huo asingepata kitu, na mshahara wangu wa ukalimani ulikuwa wa kununulia sabuni.

Wazee wakaamua waombe saruji serikalini. Nguvu wanazo wenyewe, kuna msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kinachokosekana ni saruji tu. Mzee Elieza, aliyekuwa mfungua ndiva, ndiye aliyetumwa ofisini, na Bwana Ghali akakubali kupanda kuja kuzungumza nao. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Nilijua nitakayemtafsiria ni bwana wangu, na atakayesikiliza ni mama yangu.

Tulipanda kwa miguu kuanzia barabara ilipoishia. Jua lilikuwa kali. Bwana Ghali alifika kwenye uwanja wa kijiji akiwa mwekundu, akavua kofia yake ngumu ya jua, akaiweka chini mbele yake, tundu likitazama juu, akaanza kujifuta jasho. Nikaona wazee wakitazamana. Mimi nilikuwa nawaza pua na mikono na miguu, sikuwaza kofia. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kazi yote niliyofanya.

Maana kwetu kijijini kuna desturi. Mtu akifikwa na ufukara, nyumba imeungua au ng'ombe wamekufa, anakuja mbele ya watu na kapu tupu, analiweka chini mbele yake, analalamika wazi. Akishalalamika, hakuna ruhusa ya kuondoka mpaka kila mtu ametoa kitu. Mtu akisaidiwa hivyo, wazee wawili watakwenda nyumbani kwake kuangalia panapovuja mali, wamwambie pa kuziba, naye lazima azibe. Na siku ya msaragambo atafanya kazi pamoja na wenziwe. Najua huko mijini mnatusema Wapare kwamba ni wabahili, kwamba tunaweza kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Sawa, semeni. Lakini kapu likishawekwa chini, hata yule bahili wa mabahili anatoa, na anatoa akiwa amenuna, lakini anatoa.

Bwana Ghali akaanza. Akasema saruji siku hizi inagharimu mkono na mguu. Akasema idara yake inaendeshwa kwa uzi wa kiatu. Akasema amekaza mkanda mpaka tundu la mwisho, na mbwa mwitu yupo mlangoni. Kwa kifupi alikuwa anawanyima. Nilimwelewa vizuri kabisa, hakuna neno lililonipita. Na mimi, kwa hasira ya kunyimwa na kwa mafunzo ya Mzee Zefania, nikayatoa kwa Kipare kama yanavyostahili. Mkono kichwani! Nikasema mwenzenu amebanwa, hana mbele hana nyuma, anajiuliza kesho itakuwaje. Nikapumua kwenye gharama. Watoto hakuwataja, lakini nikanyamaza kidogo hata hivyo. Nilipomaliza, mama mmoja mbele alikuwa anajifuta macho kwa kitenge.

Bwana Ghali alinitazama akiwa ameridhika. Alifikiri wameelewa kwamba hakuna saruji.

Mzee Elieza akasimama. "Mmemsikia," akasema. "Kofia imewekwa."

Loo! Nikatazama chini. Nikaiona ile kofia.

Watu wakatawanyika kwenda majumbani wakarudi. Ndizi mikungu. Maharage. Kuku wawili. Miwa. Kibuyu cha maziwa mgando. Chungu cha makande, nacho kikawekwa mbele ya Bwana Ghali na kijiko, na watu wote wakimtazama kwa huruma. Yeye alidhani ni heshima kwa mgeni. Akala, akasema asante sana kwa Kiswahili chake, akaomba aongezewe. Wazee wakatikisa vichwa. Njaa hiyo waliiona kwa macho yao.

Halafu akaja mama yangu. Mikononi alikuwa na mahindi kumi na mawili yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Niliyafahamu. Yalikuwa yakining'inia juu ya jiko letu tangu mavuno. Ni mbegu. Yote aliyokuwa nayo.

Nikamvuta pembeni. "Mama, hiyo ni mbegu!"

"Najua ni mbegu."

"Huyu si maskini, mama. Ana mshahara. Ana mpishi."

"Mwanangu, nimekusikia kwa masikio yangu. Ulivyosema, hata jiwe lingetoa." Akaenda akayaweka juu ya kofia, na kupiga goti.

Njia nzima kushuka nilikuwa najilaumu. Saruji tumekosa, na mbegu ya mama imekwenda, na aliyeiondoa ni mimi kwa ulimi wangu. Nilitamani ningekuwa bubu.

Baada ya siku tatu Mzee Elieza na mzee mwenziwe, mtu wa kunyamaza sana, walifika Same nyumbani kwa Bwana Ghali, fimbo mkononi, wamevaa makoti. Walikuja kuangalia panapovuja. Bwana Ghali alidhani wamekuja kushukuru, akawatembeza.

Wa kwanza kuonekana ni mbwa wawili. Mzee Elieza akaniambia, "Muulize hawa wanachunga nini."

"Hawachungi, mzee. Wanalala."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Hapo panavuja."

Tukafika kwenye maua. Mtunza bustani alikuwa anayamwagilia kwa debe. "Yanaliwa?" akauliza Mzee Elieza.

"Hapana."

"Ng'ombe je, anayala?"

"Akiyala anafukuzwa."

Yule mzee wa kunyamaza, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akasema, "Masikini!"

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kilichosawazishwa, na pembeni yake, chini ya turubai, mifuko ya saruji. Ilipangwa vizuri, mingi, zaidi ya tuliyoomba. Mzee Elieza aliugusa mmoja kwa fimbo. Akaniuliza ni ya nini. Nikamweleza ni ya uwanja wa tenisi: watu wawili wanapigiana mpira juu ya wavu.

"Mpira ukipigwa?"

"Mwenziwe anaurudisha."

"Halafu?"

"Anaupiga tena."

Mzee Elieza akakaa juu ya mifuko ya saruji. Kisha akasema, "Mwambie kitu hiki kinakula, hakizai, hakikamuliwi. Hapa ndipo panapovuja. Aache kukilisha."

Na mimi, jamani, nikapumua. Nikamgeukia Bwana Ghali, nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba wazee wanasema uwanja wake ni tembo mweupe.

Alibadilika rangi. Nadhani kama ningemtukana angevumilia. Lakini neno lilikuwa lake, nami nimelitumia mahali pake hasa. Akaniambia nitoke, nisirudi mpaka niitwe. Wakati tunapita barazani kutoka, Mzee Elieza akasimama ghafla. Ukutani, katikati ya pembe za swala, yalining'inia mahindi ya mama yangu. Bwana Ghali alikuwa ameyafanya pambo.

"Hii si mbegu ya mama yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Ametundika mbegu ukutani?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Basi ufukara umempanda kichwani. Msaada uongezwe."

Nawaapia, sikuwahi kuona kitu kama kile. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi, wanawake wa kwetu walishuka mlimani na makapu, wakapanga foleni mlangoni kwa Bwana Ghali. Makande, ndizi, viazi, miwa. Mpishi wake alijaribu kuwazuia, nao wakamwambia, "Kaka, tunajua unaona haya, si kosa lako." Ndizi zilijaa baraza mpaka zikaanza kuiva. Miwa ikalazwa kwenye kile kiwanja cha tenisi. Wazungu wenzake wakipita na magari walipunguza mwendo. Mmoja alisimama akamuuliza kama anahitaji chochote. Mimi nilikuwa nyumbani, sina kazi, nikihesabu siku za vuli, na wa kunicheka alikuwa Mzee Zefania peke yake. Alikuja kila jioni kunipa habari na kuniuliza tena, "Na ulipolisema la tembo, alifanya uso gani?"

Siku ya saba nikaitwa. Bwana Ghali alikuwa amekaa barazani katikati ya mikungu, nzi wakimzunguka. Mkubwa wake alikuwa anakuja Ijumaa. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuuzoea, watu hawa wanataka nini ili waache.

Mkalimani haruhusiwi kusema ya kwake. Nilivunja sheria hiyo siku ile. Nikamweleza yote: kapu, kofia, kulalamika, kuzibwa panapovuja. Nikamwambia hawamdhihaki hata kidogo, wanamwonea huruma, na hawataacha mpaka avushwe. Kisha nikanyoosha kidole ukutani. Nikamwambia, "Yale mahindi ni ya mama yangu. Hana mengine. Alikupa kwa sababu nililia vizuri." Nilitaka kuongeza kitu nikashindwa, nikaanza kulia kweli, na kulia kule hakukuwa na mpangilio wowote, kamasi na machozi pamoja. Nilikuwa na aibu na hasira na nilimwonea mama yangu uchungu.

Bwana Ghali akashika kichwa. Nikasubiri pua na mikono na miguu. Safari hii havikuja. Akapanda juu ya kiti, akayatoa yale mahindi ukutani yeye mwenyewe, akayafuta vumbi kwa kitambaa chake.

Saruji ilipanda mlimani Alhamisi, vichwani mwa watu. Mkubwa wake alipofika Ijumaa hakukuta ndizi wala tenisi, akasifu usafi wa kiwanja. Na Jumamosi ya msaragambo Bwana Ghali alikuja, maana nilimwambia asipokuja kazi haijaisha. Alibeba mawe. Kufikia saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na wanawake wakamwimbia, sitafsiri walichoimba. Alimletea mama mahindi yake kwa mikono miwili. Mama akakataa. Alichotoa mtu kwenye kapu hakirudi, alisema, kwani amekuwa mgonjwa wa akili? Wakabishana, mimi katikati nikitafsiri mpaka koo likakauka. Mwishowe mama akasema, "Basi, mbegu ni yake, ardhi ni yangu, apande." Bwana Ghali akapewa jembe, akapukuchua, akapanda mistari iliyopinda ajabu, na mama akimfuata nyuma akisahihisha kwa kidole cha mguu.

Vuli ilikuja ikasalimia ikaondoka kama kawaida yake. Lakini ndiva ilishika. Asubuhi ya kwanza Mzee Elieza alipoizibua, maji yalishuka mferejini mpaka mwisho kabisa, kwa mama yangu, na yakabaki. Mama alisimama ndani ya maji na viatu. Nilikuwa sijawahi kumwona akiharibu viatu kwa furaha.

Mwaka uliofuata Bwana Ghali akahamishwa. Alipanda kuja kuaga, uwanja uleule. Mzee Zefania, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alikaa mbele kabisa ili anisikie nikifanya kazi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na daftari mfukoni, sauti ipo, uji sijanywa. Nikasimama nusu hatua nyuma.

Bwana Ghali akavua kofia. Akainama akaiweka chini mbele yake, taratibu, tundu juu, akairekebisha ikae sawa. Nikafungua mdomo. Akaninyamazisha kwa mkono. Kisha akasema kwa Kipare, kibaya lakini kinachosikika, "Naondoka. Nilikuja na ngumu hii ya kofia, na sina. Sina kitu cha kuwaachia."

Kisha Mzee Zefania akaruka kutoka kwenye kigoda chake, mtu mzima yule, koti likipepea. "Amesema!" akapiga kelele. "Mmemsikia? Amesema sina!" Machozi yalimtoka.

Mama yangu ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akaweka kofiani mahindi mawili, meusi kwa moshi, ya ile mistari iliyopinda. Nyuma yake wakaja wengine wote. Bwana Ghali alisimama pale akimwinamia kila mtoaji, na hakuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuondoka mpaka ametoa.

Nami pia sikuwa na ruhusa. Nikapapasa mifuko yangu. Sabuni ilikuwa imekula mshahara, sikuwa na kitu ila lile daftari. Nikamtazama Mzee Zefania. Akanikubalia kwa kichwa. Nikainama nikaliweka juu ya mahindi.

Basi ndiyo habari ya daftari, wajukuu zangu, na simu zenu zirudisheni mfukoni.